Usinunue Kinanda Kabla ya Kupita kwa Fundi Redio

Kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, anayetaka kutengeneza muziki wa sauti zake mwenyewe kwa kawaida huanzia kwenye bei. Anauliza kinanda gani, kompyuta gani, maiki ya shilingi ngapi. Ushauri wangu ni kwamba swali hilo lingoje. Kabla ya bei kuna swali la ukarabati: chombo hiki kikifa Ijumaa jioni, nani atakiponya Jumamosi asubuhi, na spea atazitoa wapi? Kama jibu liko kati ya Kabwe na Soweto, chombo hicho ni chako. Kama jibu liko Kariakoo, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, au ng'ambo ya bahari, basi umekipanga tu, hata kama umelipa fedha taslimu.

Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu muziki wa vifaa vya kuungaunga uliotoka kwetu na kwa majirani zetu ukasikika duniani ulitengenezwa na watu walioishi karibu na mafundi wao, na mara nyingi wao wenyewe ndio walikuwa mafundi.

Tazama mchiriku wa Dar es Salaam. Muziki huo ulijengwa juu ya kinanda kidogo cha Casio, kile ambacho mzazi angemnunulia mtoto achezee, kikapitishwa kwenye amplifaya ya kuunga na sauti ikatolewa kwa spika za honi. Pembeni kuna ngoma, na kigoda cha mbao kinachochapwa kwa fimbo. Mwaka 2012 kundi la Jagwa Music lilitoa albamu ya Bongo Hotheads kwa vifaa vya namna hiyo, na vikapanda majukwaa ya Ulaya. Ule ukali na ule mkwaruzo wa sauti si kasoro. Honi hukata besi, husukuma mbele sauti za kati na kuzifikisha mbali kwenye uwanja usio na ukuta wala dari. Wapiga mchiriku walilijua hilo, wakatunga muziki unaoifaa honi badala ya kuililia besi ambayo haipo. Singeli iliyokuja baadaye imerithi tabia hiyo hiyo, ila kompyuta ya mkononi imechukua nafasi ya Casio. Asiyeijua asikilize mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Kwa hiyo unapopita kwenye vibanda vya mafundi redio, usitafute spika iliyo safi kuliko zote. Tafuta ile ambayo ukiisikiliza mara mbili unaweza kutabiri itafanya nini mara ya tatu. Iwashe, ipigie sauti nene, kisha nyembamba, kisha ongea kwa maiki iliyoungwa nayo. Spika yenye tabia unayoijua itakufaa kuliko nzuri ambayo hujaizoea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kinshasa. Mawangu Mingiedi, mzee wa kabila la Wazombo walioko mpakani mwa Kongo na Angola, alikuwa mpiga likembe, chombo cha jamii moja na ilimba ya Wagogo: ubao wenye vijiti vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Kijijini sauti ya likembe inatosha. Mjini inamezwa na magari. Mingiedi akatengeneza maiki zake mwenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu na waya wa shaba, akazifunga kwenye likembe, akapitisha sauti kwenye amplifaya na honi kuukuu. Ilitoka ikiwa imejaa mivumo na mikwaruzo, naye akaikubali jinsi ilivyo. Kundi lake la Konono N°1 lilianza miaka ya 1960, lakini dunia ililijua hasa kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Maiki ya namna hiyo unaweza kuitengeneza hapa Mwanjelwa, na njia rahisi kuliko kusokota waya ni saa ya ukutani iliyokufa. Fungua kile kiboksi cheusi cha nyuma. Ndani mna koili ndogo ya waya wa shaba mwembamba mno uliozungushwa maelfu ya mizunguko, kazi ambayo mkono wako ungeifanya kwa siku nzima na pengine waya ungekatika. Usizivute nyaya za koili yenyewe. Acha koili ikiwa imeshikamana na kibao chake cha saketi, kisha chomea waya wako wa kutokea kwenye vile vidoa viwili vya risasi ambako koili inaishia. Nyuma yake weka sumaku ndogo. Zile za ndani ya iyafoni mbovu zina nguvu ya kutosha. Sogeza koili chini ya vijiti vya chuma, nafasi ya milimita 2 au 3, na umekwisha kupata maiki isiyohitaji betri.

Kuna mambo matatu yatakayoamua kama itafanya kazi. Kwanza, chuma cha chombo chako lazima kivutwe na sumaku. Kijaribu kabla ya kununua, kwa sababu baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havivutwi kabisa. Pili, waya wa kwenda kwenye amplifaya uwe ule wenye wavu wa nje, na wavu huo uungwe upande wa ardhi, la sivyo utasikia mvumo wa umeme kuliko muziki. Tatu, hata ukifanya yote hayo, mvumo fulani utabaki, kwa sababu umeme wetu hubadilika kwa mizunguko 50 kwa sekunde na koili inausikia. Igeuze koili polepole hadi mvumo upungue, na iweke mbali na transfoma ya amplifaya. Mara nyingi kugeuza kidogo tu kunatosha.

Kama chombo chako ni cha mbao, mwanzi, ngozi au bati, achana na sumaku. Hapo tumia piezo: kisahani chembamba cha shaba ya njano chenye duara jeupe la kauri katikati. Kimo ndani ya kadi za salamu zinazoimba, saa za mezani za kidijitali, midoli na simu za mezani za zamani. Kauri ile ikitikiswa inatoa umeme kidogo, na umeme huo ndio sauti yako. Unachomea nyaya mbili, moja kwenye shaba na nyingine kwenye duara jeupe. Pasi ya kuchomelea iguse kauri kwa muda mfupi iwezekanavyo, maana joto likizidi kauri inapoteza uwezo wake. Funika kwa utepe wa umeme, kisha tafuta mahali pa kukibandika kwa utepe wa muda kabla ya kugandisha kwa gundi. Karibu na daraja la nyuzi sauti inakuwa kali na yenye nguvu. Sogea katikati ya ubao na inakuwa nene. Mtu anayebandika haraka kwa gundi hujinyima nusu ya sauti za chombo chake.

Wengi hukata tamaa na piezo kwa sababu wakiiunga moja kwa moja kwenye mikisa ya kawaida, sauti inakuwa nyembamba na besi zinapotea. Kosa si la kisahani. Piezo inahitaji mlango wa upinzani mkubwa, na milango mingi ya mikisa haina. Dawa ya haraka ni amplifaya ya gita. Dawa ya kudumu ni kumwomba fundi redio akutengenezee saketi ndogo yenye transista ya FET moja, rezista ya megaomu moja mlangoni na betri ya volti 9. Fundi yeyote anayejua kusoma mchoro wa saketi ataimaliza akiwa ameketi kibandani kwake.

Kwa mtu anayeishi pembeni ya soko, piezo ina fadhila nyingine kubwa: haisikii hewa. Maiki ya kawaida ikiwekwa Mwanjelwa itanasa honi za malori ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, makondakta, mashine za kusaga na redio ya jirani. Piezo iliyobandikwa kwenye bati itasikia bati peke yake. Ibandike chini ya paa wakati wa mvua za Machi na usikilize. Ijaribu kwenye waya wa uzio wakati upepo unavuma, kwenye ungo unaopepetwa, kwenye pingili ya mwanzi wa ulanzi kutoka upande wa Iringa. Hapo ndipo utakapogundua kwamba vitu vingi ulivyovipita kila siku vina sauti ambazo sikio halijawahi kuzifikia.

Anayetaka besi hana haja ya kwenda mbali. Vuka mpaka wa Kasumulu na utaingia kwenye nchi ya babatoni, besi ya waya mmoja na mpini mrefu uliounganishwa na sanduku au ngoma. Gasper Nali wa Nkhata Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa upande wa Malawi, huipiga kwa kijiti mkono mmoja na chupa tupu ya bia mkono mwingine, huku mguu ukipiga ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Madalitso Band, vijana wawili waliokuwa wakipiga mitaani Lilongwe, waliipeleka babatoni yao Zanzibar kwenye tamasha la Sauti za Busara mwaka 2017, na kuanzia hapo wakazunguka nchi nyingi.

Sanduku la mbao nyembamba, mpini imara unaozidi mita mbili, waya wa breki wa pikipiki, na kazi inaanza. Hesabu ni hii: kama waya una sentimita 180 kutoka daraja hadi mwisho, chupa ikiugusa pale ambapo zimebaki sentimita 90 unapata noti ile ile ikiwa juu kwa oktava moja. Zikibaki 120 unapata noti ya tano, zikibaki 135 noti ya nne. Chora alama hizo tatu kwenye mpini kwa rangi na tayari unaweza kuongoza nyimbo nyingi za kwaya unazozijua. Kaza waya kwa kufuata sauti ya mwimbaji wako, si kwa kufuata wimbo wa redioni, na ukiukaza weka uso pembeni. Waya wa chuma ukikatika unarudi kwa kasi.

Kuhusu ilimba yenyewe, hakuna mwalimu mkubwa kuliko Hukwe Zawose. Alizaliwa mwaka 1938 huko Ugogo, akaja Dar es Salaam mwaka 1967 kwa mwaliko wa Mwalimu Nyerere, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na alifariki mwaka 2003. Alijitengenezea vyombo vyake. Akavipeleka kwenye studio za Peter Gabriel huko Uingereza, na mwaka 2002 ikatoka albamu ya Assembly aliyoifanya na Michael Brook, raia wa Kanada. Brook naye ni mtu wa vifaa vya kubuni. Ndiye aliyelibadilisha gita la umeme likaweza kushika noti moja bila kuiachia kwa muda wowote atakao. Mtu wa Dodoma na mtu wa Toronto wakakutana, kila mmoja akiwa na chombo ambacho yeye mwenyewe angeweza kukifungua na kukifunga.

Ukitengeneza ilimba, utaambiwa upige misumari bapa. Ni sawa, lakini zingatia moto. Chuma kikipashwa hadi kuwa chekundu kinalainika na kupoteza mrindimo wake. Kikipigwa nyundo kikiwa baridi kinakakamaa. Basi pasha moto mwanzoni ili kupata umbo, na mapigo ya mwisho yawe kwenye chuma baridi. Spoku za baiskeli na mbavu za mwavuli zina mrindimo mzuri tangu mwanzo. Kijiti kikivutwa nje kinakuwa kirefu na noti inashuka, kikisukumwa ndani inapanda. Wagogo hufunika tundu la ubao kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wa kukereketa juu yake. Usiuondoe mvumo huo kwa kudhani unasafisha. Huo ni nusu ya muziki.

Hali ya hewa yetu ina mchango wake. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na Juni na Julai kuna baridi kavu inayopasua mbao mbichi. Mbao zikaushwe kivulini kwa miezi kabla ya kuchongwa. Ngozi ya ngoma inayolia vizuri Mwanjelwa italegea ukiishusha kwenye joto na unyevu wa Kyela, kwa hiyo panga muda wa kuikaza upya kabla ya kupanda jukwaani.

Sasa mdoli wa betri. Kampala yupo Brian Bamanya, anayejulikana kama Afrorack. Aliona bei ya sinthesaiza za vipande vipande zinazouzwa Ulaya haifikiki, akajifunza michoro ya saketi na kuzijenga mwenyewe kwa vipuri alivyovipata mjini. Albamu yake ilitoka mwaka 2022 kupitia lebo ya Hakuna Kulala. Wewe usianzie hapo alipofika. Anza na mdoli unaoimba au kinanda cha mtoto kilichotupwa. Kwenye saketi nyingi za vifaa hivyo kuna rezista moja inayotawala kasi. Iguse kwa kidole kilicholowa kidogo, na sauti ikishuka au kupanda, umeipata. Itoe na uweke volyumu ya redio mbovu pamoja na rezista ndogo ya kuilinda, maana upinzani ukiisha kabisa saketi inaganda. Upinzani ukiongezeka mdoli unaimba polepole na kwa sauti nzito, ukipungua unakwenda mbio.

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Kidole kwenye saketi ni kwa kifaa cha betri tu. Kifaa chochote kinachochomekwa ukutani kina volti 230 na kinaua. Televisheni za zamani zenye mgongo hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na maikrowevu nazo hubaki na umeme unaoweza kuua. Usizifungue, mwachie fundi aliyesomea. Betri ya gari haitakurusha, lakini nyaya zake zikigusana zinawaka moto, basi weka fyuzi karibu na kichwa cha betri. Betri za simu zilizovimba usizitoboe wala kuzichaji. Moshi wa risasi usiuvute, na unawe mikono kabla ya kula.

Na masikio. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Honi inayofikia desibeli 100 pale ulipokaa inakuachia dakika 15. Vizibo vya sponji vya masikio ni rahisi kuliko spika yoyote utakayonunua, na pamba haiwezi kuchukua nafasi yake. Majirani nao wana masikio, na kuna kanuni za kelele. Malizeni mazoezi ya honi mchana.

Kuhusu kurekodi nitasema machache. Mwaka 1944 mwanafunzi wa Misri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya redio ya kunasa sauti kwenye waya, akaenda kurekodi ibada ya zaar ya wanawake wa Cairo, kisha akaibadilisha sauti ile kwa mwangwi wa vyumba hadi ikawa kazi mpya. Hiyo ni miaka minne kabla ya Pierre Schaeffer kufanya majaribio yake Paris, ambayo vitabu vingi huyataja kuwa mwanzo. Simu yako ina uwezo mkubwa kuliko mashine ile. Tafuta programu inayorekodi kwa WAV, zima marekebisho ya sauti ya moja kwa moja, funika maiki kwa kipande cha sponji ya godoro dhidi ya upepo. Ukirekodi sauti ya mtu sokoni, mama muuza mchele au fundi bati, mwombe ruhusa kwanza na umsikilizishe. Kazi ikikamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa majina ya wote walioshiriki, akiwemo fundi aliyejenga chombo kama yeye ndiye aliyebuni sauti yake.

Kisha kaa na chombo kimoja. Naona vijana wakikusanya vifaa vingi na kuvijua vyote nusunusu. Mingiedi alikaa na likembe. Chagua kimoja, kivunje, kijenge tena, hadi uweze kukitengeneza gizani umeme ukikatika.

Kwa wasomaji wa Iringa nina ombi mahsusi. Wahehe wana ligombo, ubao uliochimbwa na kufungwa uzi mmoja mrefu unaopitishwa kwenye meno ya ncha zote mbili hadi ukawa nyuzi kadhaa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alilirekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950, na sauti hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Ligombo ni chombo kinachopokea piezo kuliko vyote nilivyovitaja, kwa sababu ubao wake mzima unatetemeka na kisahani kinakaa chini yake bila kuchimba wala kupigilia chochote. Kama kuna mzee kijijini kwenu anayejua kulipiga, mwende mwaka huu, mkiwa na kisahani kimoja, utepe na simu mliyonayo mfukoni. Mrekodini akipiga, mrekodini pia akieleza jinsi anavyofunga na kukaza nyuzi, na nakala ya kwanza ibaki nyumbani kwake.